Kericho na Bomet hazitazamwi kupitia dirisha la matatu

WASAFIRI wengi watokao Nairobi kuelekea Kisumu huiona Kericho kwa muda usiozidi saa moja: mashamba ya majani chai kando ya barabara, kisha mteremko wa kwenda Awasi. Anayetaka kuifahamu sehemu hii hana budi kuitengea siku tatu au nne, na mpango wake uanze na mvua.

Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupoa ipandapo nyanda za juu, na mvua aghalabu hunyesha alasiri. Ndiyo inayoikuza michai hiyo karibu mwaka mzima. Matembezi basi yawe ya asubuhi, na sweta isisahauliwe, maana mji uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Alasiri zina mahali pake. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, huinuka na kupanuka kadiri mtu anavyoikaribia madhabahu. Gurdwara ya Masingasinga humkumbuka Baba Puran Singh, fundi aliyefanya kazi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza; mgeni wa dini yoyote hukaribishwa chakula, mradi avue viatu na kufunika kichwa. Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950, imedorora kwa miaka mingi. Itazamwe kama kumbukumbu, malazi yatafutwe kwingine.

Mashamba makubwa ni mali ya kampuni, na ruhusa huombwa mapema. Tangu Mei 2023, vijana walipoteketeza mashine zinazowanyima wachunaji ajira, mgeni mwenye kamera asishangae kuulizwa maswali.

Maswali ya zamani zaidi yamo ardhini kwenyewe. Brooke Bond na James Finlay walipoanzisha mashamba yao katika miaka ya 1920, ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwafukuza Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kulikokuwa na mbung'o na malaria. Mnamo 2022 Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wazee wanaoyasimulia hayo wapo. Mgeni aanze na salamu ya "chamgei", akae, asikilize. Ziara isiyo na mazungumzo hayo ina pengo kubwa.

Kuelekea Bomet, kupitia Litein na Kaplong, mashamba huwa madogo, ya familia. Hapo ndipo pa kusimama kwenye kituo cha kukusanyia majani chai na kuona mizani, magunia na haraka ya malori, kwani majani yaliyochunwa asubuhi huharibika yasipofikishwa kiwandani upesi.

Karibu na mji wa Bomet, maporomoko ya mto Nyangores huzalisha umeme wa hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937. Maji hayo huteremka hadi mto Mara. Anayeendelea Narok aondoke kabla ya adhuhuri, mawingu yangali mbali.