Utangulizi: Sauti ya Gitaa Ipandishwe Wapi?

Mpiga gitaa wa Kasongo au Kabambare anayeshika kwa mara ya kwanza kisanduku cha kidijitali cha kuiga amplifaya hukuta sehemu nne au tano za kupandisha sauti, na zote huonekana kufanya kazi ileile. Sivyo. Tuzifuate kwa mpangilio wake.

Visanduku hivi vina umri wake: Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakaleta POD mwaka 1998, Kemper wakaingia mwaka 2011. Vyote hufuata amplifaya ya valvu, ambamo sauti hupita hatua kwa hatua. Ya kwanza ni geini. Hii huamua jinsi valvu za mwanzo zinavyolemewa, na kwa hiyo mkwaruzo. Kisha masta husukuma valvu za mwisho, zile za nguvu. Nayo hubadili tabia ya sauti, hasa besi na namna noti inavyoitika kidole. Ndipo huja sauti ya chaneli, na mwisho sauti ya kutokea. Hizi mbili hugusa wingi tu. Geini ni chumvi iliyopikwa na mboga. Sauti ya kutokea ni ukubwa wa sahani.

Muziki wetu una suala lake hapa. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua Desemba 2021 kuwa urithi usioshikika, husimama juu ya magitaa yanayojibizana: la kusindikiza, mi-solo na solo. Tangu enzi za mpiga solo Docteur Nico, solo hupendwa ikiwa safi. Lakini sauti safi ina vilele virefu, ilhali mkwaruzo huvibana vilele na kuinua wastani. Ndiyo maana mita huweza kuonyesha kiwango kimoja kwa sauti zote mbili, huku sikio likilalamika kwamba ile safi imezama. Liamini sikio. Sebene inapoanza, wengi hukimbilia geini, na gitaa huishia kukwaruza bila kutokeza mbele. Dawa ni sauti ya chaneli: desibeli 3 hadi 6 zinatosha. Kanyagio la sauti nalo, likiwekwa kabla ya amplifaya, hupunguza mkwaruzo. Likiwekwa baada yake, hupunguza wingi peke yake.

Lipo pia dari, yaani kikomo cha kupandisha sauti. Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa iligeuza mkwaruzo wa vipaza sauti kuwa pambo la likembe, nami huusikiliza kwa furaha. Katika dijitali, hata hivyo, juu ya desibeli sifuri hakuna namba iliyobaki: kilele hukatwa tambarare, na kinachotoka hakimpendezi mtu.

Jambo la mwisho huwapata zaidi wanaotayarisha sauti usiku kwa hedifoni, wakibana umeme wa paneli ya jua. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio, sauti ikiwa ndogo, husikia besi kwa udhaifu. Mpigaji huongeza besi, akaridhika. Kesho yake spika za ukumbini zinanguruma na maneno ya waimbaji hayasikiki. Fundi wa miksa hulaumiwa bure.

Kwa hiyo, wanakwaya na wanabendi, jaribuni japo wimbo mmoja kwa ukubwa uleule wa siku ya ibada au ya harusi, jenereta ikiwaka na ngoma zikipigwa, ndipo mhifadhi viwango vyenu.