Je, Wajua? Siri za Mazungumzo katika Hadithi Fupi

Je, wajua kwamba jukwaa la Wagiriki wa kale lilianza na mwigizaji mmoja tu aliyejibizana na kundi la waimbaji? Mwanafalsafa Aristotle anaeleza kwamba mtunzi wa tamthilia Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili, na mtunzi mwenzake Sophocles wa tatu. Hapo wahusika wakaweza kukabiliana ana kwa ana.

Je, wajua kwamba si kila mwandishi hutumia alama za mtajo? James Joyce wa Ireland hakuzipenda. Katika *Ulysses*, riwaya iliyotoka mwaka 1922, kwa kawaida usemi unaanza kwa kistari.

Je, wajua kwamba wahusika wanaweza kuzungumzia jambo mwanzo hadi mwisho bila kulitaja? Mwaka 1927 Ernest Hemingway wa Marekani alichapisha “Hills Like White Elephants”. Mwanamume na msichana wanakunywa bia kwenye kituo cha reli huko Hispania. Treni ya kutoka Barcelona kwenda Madrid itafika baada ya dakika 40. Wanabishana juu ya kutoa mimba, lakini maneno hayo hayamo popote. Msomaji anang’amua kwa jinsi wanavyokwepana.

Je, wajua kwamba “akasema” ya Kiswahili haifichui jinsia? Kiingereza kina kiwakilishi cha kike na cha kiume. Sisi tuna *a-* moja tu. Mume na mke wakigombana hadithini, “akasema” na “akajibu” havitoshi kutuonyesha nani ni nani. Kwa hiyo mwandishi wetu hana budi kumpa kila mmoja ulimi wake: huyu anakatiza, yule anazunguka mbuyu, huyu anaita “mama Asha”, yule anajibu “wewe”. Ugumu huo ni shule nzuri mno.

Je, wajua kwamba neno lisilotamkwa laweza kubeba uzito wa hadithi nzima? Sikiliza:

“Shikamoo, baba.”

“Umerudi saa ngapi?”

*Marahaba* haikutoka. Hakuna aliyepaza sauti, lakini aliyelelewa na salamu hii ameshajua kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna jambo. Ukiongeza “alisema kwa hasira”, unamnyang’anya msomaji alichokwisha kukisikia mwenyewe. Liache pengo hilo lizungumze.