Ukiacha dawa za TB mwezi wa pili, panya wanajua kinachofuata

Kikohozi kimeisha. Jasho la usiku limekauka, kilo zimeanza kurudi na chapo madondo zinashuka bila shida. Umemeza dawa za TB kwa miezi miwili na kila mtu kwa ploti anakuambia umeng'aa. Sasa kwa nini umeze tembe miezi minne mingine?

Ni swali la haki, hasa kwa kijana wa Kayole, Dandora au Huruma ambaye siku ya kliniki ni siku ya kibarua iliyopotea. Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa panya wa maabara.

Mnamo 1956, watafiti wa Cornell, New York, walichapisha jaribio moja la kushangaza. Waliwaambukiza panya bakteria wa TB, kisha wakawatibu kwa isoniazidi na pirazinamidi kwa wiki 12. Dawa hizo mbili bado zimo kwenye tembe unazopewa leo. Walipopima mapafu na wengu, hawakupata bakteria hata mmoja. Panya walionekana wamepona kabisa.

Wengine wakaachwa bila dawa. Baada ya miezi mitatu hivi, bakteria walikuwa wamerudi kwa takriban theluthi moja yao. Baadaye watafiti hao waliwapa baadhi ya panya kotisoni, dawa inayoshusha kinga ya mwili. Hapo bakteria wakarudi karibu kwa wote. Kumbe hawakuwa wamekufa, walikuwa wamejificha.

Wanajificha wapi? Ukivuta hewa yenye bakteria wa TB, askari wa kwanza kwenye mapafu, seli zinazoitwa makrofaji, huwameza. Shida ni kwamba bakteria huyu anaweza kuishi ndani ya askari aliyemmeza. Msaada hutoka kwa seli za CD4, ambazo huchukua wiki mbili au tatu kufika mapafuni kwa panya. Zikifika, hutoa kemikali iitwayo intaferoni-gama, inayowapa makrofaji nguvu ya kuua.

Mwaka 1993, vikundi viwili vya watafiti Marekani viliwatumia panya wasio na uwezo wa kutengeneza kemikali hiyo. Walipoambukizwa TB walikufa haraka, ilhali panya wa kawaida waliendelea kuishi. Lakini hata hao wa kawaida hawakuwamaliza bakteria. Kinga yao iliwazuia tu wasienee. Ndiyo maana HIV, inayoshambulia CD4, huifungulia TB mlango. Njaa na kisukari pia huidhoofisha kinga hiyo.

Kwa hivyo zile dalili zikipotea, maana yake ni kwamba bakteria wengi wamekufa. Wachache sugu waliolala bado wapo, na wao ndio sababu ya miezi minne iliyobaki.

Lakini panya si mtu. Panya hakohoi akaambukiza jirani, na kuna chanjo iliyoleta matumaini kwa wanyama ikaja kushindwa kuwalinda watoto wachanga Afrika Kusini, matokeo yakatangazwa 2013. Mambo ya panya lazima yathibitishwe kwa watu, na hapa Afrika Mashariki ilitoa mchango mkubwa. Majaribio yaliyofanywa na watafiti wa eneo hili pamoja na Waingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yalianza kutoa matokeo mwaka 1972. Yalionyesha kuwa ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, miezi sita inatosha. Kabla ya hapo, mgonjwa angeweza kumeza dawa mwaka mmoja na nusu.

Kwa hivyo miezi sita haikubuniwa na daktari anayependa kukusumbua. Ni muda uliopunguzwa hadi pale ambapo ugonjwa haurudi ovyo.

Ukiukata katikati, bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu. Ikirudi, wa kwanza kuvuta hewa yako ni yule mtoto mnayelala naye kwenye singo moja, kabla hata ya abiria wenzako kwenye mathree.

Dawa za TB ni bure kwenye hospitali za serikali. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa, usitishike, ni rifampisini hiyo. Macho yakiwa manjano au miguu ikiwaka moto na kufa ganzi, rudi kliniki mara moja badala ya kujikatia dawa mwenyewe. Ikiwa kazi ndiyo inakubana, mwambie mhudumu mapema mpange siku na namna ya kuchukua tembe.

Na kama hujapimwa na umekohoa wiki mbili, wacha kununua sharubati ya kifua kwa duka la dawa. Nenda utoe makohozi.