Keki ndogo za chokoleti Mbulu na Hanang: wateja wapo, faida iko kwenye hesabu

Katika sherehe nyingi za Tanzania keki kubwa haikai kubwa kwa muda mrefu. Maharusi wakishakata, wakalishana na kuwapelekea wazazi wa pande zote mbili, iliyobaki hurudishwa nyuma, hukatwakatwa vipande vidogo, huchomwa vijiti na kupitishwa ukumbini kwenye sinia. Meza za mbele hupata kipande chenye krimu, na meza za nyuma hupata makombo, pengine hazipati kitu kabisa. Anayeoka keki ndogo za chokoleti, za kuliwa kwa matonge mawili, huanza kazi yake pale ambapo kisu cha keki kubwa kinaishia. Anahesabu wageni kwanza, kisha anaoka.

Kwa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hii ni bidhaa inayostahili kutazamwa kwa macho ya biashara. Ngano hulimwa Hanang, maziwa na mayai yako kila kijiji, na hali ya hewa ni baridi ya kutosha kwa chokoleti kukaa bila friji. Hata hivyo mwokaji anayetegemea kabati la kioo dukani huhangaika, huku anayeoka kwa oda akipumua. Mapishi yanaweza kuwa yaleyale; kinachowatofautisha ni hesabu.

Soko lina misimu yake

Mahitaji ya keki katika wilaya hizi hayasambai sawasawa mwaka mzima, kwa sababu hufuata kalenda ya kanisa, ya shule na ya mavuno. Mbulu ni makao ya jimbo Katoliki lililoanzishwa mwaka 1953, na Haydom, wilayani humo, ina hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, yenye chuo cha afya kando yake. Komunyo ya kwanza, kipaimara, ubarikio na harusi ni oda zinazojulikana wiki nyingi kabla. Mahafali ya kidato cha nne huja kabla ya mtihani wa Novemba, na ya kidato cha sita kabla ya mtihani wa Mei. Desemba wenyeji wanaofanya kazi Arusha, Dodoma na Dar es Salaam hurudi nyumbani kusalimia wazee, na mikono yao haiji mitupu.

Mavuno nayo yana neno lake. Fedha za ngano, mahindi, maharage na vitunguu saumu zikishaingia mifukoni, kamati za harusi huanza kukaa na michango hupanda. Kabla ya hapo, miezi ya palizi, mwokaji anayejua mambo hapangi fremu ya duka. Hupunguza uzalishaji na kuuza kidogo kidogo siku za mnada, ofisini na kwenye kantini za shule.

Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, ina faida ambayo Mbulu haijaipata kikamilifu: iko kando ya barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati, kwa hiyo abiria wa mabasi na madereva ni wateja wa kila siku. Mbulu mjini na Haydom hutegemea barabara ya Karatu–Mbulu–Haydom, ambayo lami yake inajengwa kwa vipande. Kwa keki, barabara mbovu ni gharama halisi. Keki iliyopambwa krimu ikitikiswa saa mbili hufika imevurugika, ilhali keki ndogo iliyofunikwa chokoleti iliyoganda hufika na sura yake. Sababu hiyo pekee inatosha kumfanya mwokaji wa Haydom apendelee kuoka ndogo.

Ngano ya nyumbani, unga wa mbali

Msafiri anayepita uwanda wa Basotu, wilayani Hanang, huona mashamba ya ngano yasiyoonekana mwisho. Historia yake ni nzito. Kuanzia takriban mwaka 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, liliendesha mashamba makubwa ya ngano kwa matrekta na mashine za kuvunia. Mashamba hayo yalimega malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na mgogoro ukafika mahakamani katika miaka ya 1980. Baadaye serikali ilijiondoa katika kilimo hicho. Baadhi ya ardhi ikarudi kwa wananchi na nyingine ikaenda kwa wawekezaji.

Pamoja na hayo yote, Tanzania bado huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, ingawa kwa miaka mingi nchi wanachama zimeomba na kukubaliwa kutoza asilimia 10, kwa kuwa mavuno ya ndani hayatoshi. Unga mwingi unaouzwa katika maduka ya Mbulu na Katesh hutoka viwanda vikubwa vya miji kama Dar es Salaam na Arusha. Mwokaji wa Katesh, ambaye jirani yake amevuna ngano, analipia nauli ya unga uliosafiri kutoka pwani.

Kwa bahati nzuri keki haihitaji ngano ngumu kama mkate. Mkate unataka unga wenye protini nyingi ili ukandike na kuvutika, lakini keki hupendeza kwa unga laini. Kinu kidogo chenye chekeche nzuri kinaweza kutoa unga wa keki kutokana na ngano ya hapa hapa, na hilo ni jambo ambalo vyama vya ushirika na halmashauri zinaweza kulipigia hesabu bila kusubiri kiwanda kikubwa.

Kakao ndiyo inayouma

Kiungo kinachotoka mbali zaidi ni kile kinachoipa keki jina. Kakao ya Tanzania hulimwa hasa Kyela, mkoani Mbeya, na kwa kiasi fulani Morogoro na Tanga. Katika kijiji cha Mbingu, bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua kakao mbichi kwa wakulima tangu mwaka 2013, kuichachusha na kuiuza kwa watengenezaji chokoleti wa nje. Nchi huuza punje, kisha madukani tunanunua unga wa kakao uliosagwa ng'ambo.

Mwaka 2024 bei ya dunia ilipanda kuliko wakati wowote uliowahi kuonekana. Mavuno ya Ghana na Kodivaa yalipoharibika, tani moja ilivuka dola 10,000, na Desemba ya mwaka huo ikapita dola 12,000, kabla ya kushuka mwaka 2025. Kwa mkulima wa Kyela ilikuwa neema. Mwokaji wa Mbulu naye alikuta kopo la kakao limepanda bei au limepungua uzito. Wengi hukimbilia chokoleti ya mafuta ya mimea, ile ambayo waokaji huiita kampaundi. Ni ya bei nafuu na huganda upesi, ila ladha yake ni hafifu. Inafaa kufunika keki. Kuifanya ndiyo kakao yote ya ndani ni kumpunja mteja.

Sukari nayo ilitoa somo mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua kubwa zilikwamisha viwanda, na serikali ikaweka bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, lakini sehemu nyingi watu walinunua kwa bei ya juu zaidi. Mwokaji aliyekuwa amepokea oda kwa bei ya Desemba na kununua sukari Februari alifanya kazi ya kujitolea.

Mkupuo mmoja kwa hesabu

Tuchukulie mkupuo wa keki 36, kila moja ikiwa na takriban gramu 33 za rojo. Bei zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za dukani kwake. Unga gramu 300 kwa shilingi 2,000 kilo ni shilingi 600. Sukari gramu 300 kwa shilingi 3,000 kilo ni 900. Mayai matatu kwa shilingi 400 moja ni 1,200. Mafuta ya kula mililita 150 kwa shilingi 6,000 lita ni 900. Maziwa robo lita ni 300. Kakao gramu 60 kwa shilingi 30,000 kilo ni 1,800. Beking pauda, vanila na chumvi, 300. Jumla ya viungo ni shilingi 6,000.

Kakao ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wa rojo hilo, lakini imekula asilimia 30 ya fedha. Bei yake ikiongezeka maradufu, kila keki inapanda shilingi 50. Wanaopanga bei kwa kutazama unga na sukari peke yake ndipo wanapoumia.

Ongeza vikaratasi 36 kwa shilingi 25, yaani 900, gesi 800, na maboksi sita ya keki sita sita kwa shilingi 300, yaani 1,800. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo boksi la karatasi ni sehemu ya gharama. Mkupuo sasa umefika shilingi 9,500, au kama shilingi 264 kwa keki. Ikiuzwa kwa shilingi 500, mapato ni 18,000 na kinachobaki ni 8,500, kabla ya kulipa nguvu kazi na nauli ya bodaboda.

Mambo hubadilika pale keki zinapobaki. Keki sita zisiponunuliwa, mapato hushuka hadi 15,000 na kinachobaki ni 5,500. Zikibaki 17, mwokaji amerudisha gharama tu, na jasho lake limekwenda bure. Kwenye oda iliyolipiwa nusu kabla, hatari hiyo hupungua sana. Ndiyo maana mwokaji mwenye uzoefu haanzi kupasua mayai kabla simu haijaingiza ujumbe wa malipo.

Mwinuko na moto

Miji ya Mbulu na Katesh iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mwinuko huo hubadilisha mapishi. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ya beking pauda hutanuka haraka. Keki huumuka kwa kasi, kisha katikati huzama kabla haijashika. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na unyevu hutoka upesi. Mapishi ya mtandaoni yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au London yanahitaji kurekebishwa: beking pauda ipungue kama robo, sukari ipungue kidogo, maziwa yaongezwe, na moto uwe juu kidogo.

Hapa keki ndogo hushinda kwa mara nyingine. Huiva kwa dakika 12 hadi 15, hushika kabla ya kupata nafasi ya kuzama, na ikiharibika moja hujaharibu keki nzima ya harusi.

Kuhusu nishati, umeme si rahisi kama unavyodhaniwa. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akivuka hapo bei hupanda karibu mara tatu au zaidi. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa mbili kwa siku inaweza kula hadi uniti nne, na kwa siku 26 ni uniti 104, kabla hujawasha hata taa. Oveni ya gesi hukwepa mtego huo, na inaendana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Wanaoanza hutumia sufuria yenye makaa juu na chini. Keki huiva, ingawa kuzifanya 36 zifanane ni kazi ya jicho na subira.

Vibali, mtaji na majanga

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwokaji anayetaka kuingia madukani na kwenye taasisi anahitaji alama yake, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) huwasaidia wajasiriamali wadogo kuanza safari hiyo. Kwa upande wa kodi ya makadirio, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Mikupuo minne kwa wiki kwa bei ya mfano wetu inaleta shilingi 3,744,000 kwa mwaka, chini kidogo ya mstari huo. Daftari la mauzo linahitajika hata hivyo, maana atakayeuvuka bila kumbukumbu hukadiriwa.

Mtaji upo katika mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha waokaji kikinunua oveni moja kubwa, kakao kwa jumla na maboksi kwa jumla, gharama ya kila keki hushuka kwa namna ambayo mmoja mmoja hawezi kuifikia.

Hanang kuna jambo jingine la kukumbuka. Desemba 3, 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliteremka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na maduka. Biashara ndogo yenye mali yake yote katika chumba kimoja, isiyo na bima wala akiba benki, iliondoka na matope. Bima ya moto na mafuriko kwa kikundi ni gharama ambayo Katesh haiwezi tena kuiona kama anasa.

Kwa anayetaka kuingia katika kazi hii Mbulu au Hanang, ushauri wetu ni huu: usianze na fremu ya duka, anza na orodha ya sherehe za parokia, usharika na shule zilizo karibu nawe. Pokea nusu ya malipo kabla, pima kakao kwa mizani, andika kila shilingi, na bei ya malighafi ikipanda mwambie mteja siku hiyohiyo. Nao viongozi wa ushirika wa Hanang waulizwe swali moja katika mkutano ujao: kinu cha unga wa ngano kitaanza lini?