Nyumba za Bonde la Kyela: Tusinunue kwa Macho, Tusiuze kwa Shida

Mtu anayeteremka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa hupokewa na bonde lenye neema. Migomba, michikichi, miti ya kakao na majaruba ya mpunga huandamana naye hadi Kyela, Ipinda na Matema, na mbele yake Milima ya Livingstone imesimama ukingoni mwa maji. Si ajabu, basi, kwamba wengi waliofika huko kwa kazi ya serikali, kwa biashara ya mchele au kwa mapumziko hutamani kubaki na kujenga. Wala si ajabu kwamba wenyeji wenye nyumba na viwanja wamejikuta wakibishiwa hodi mara kwa mara na watu wanaotaka kununua.

Biashara hiyo haina ubaya ikifanywa kwa haki na kwa mwanga. Lakini mara nyingi mnunuzi huja wakati wa kiangazi, akaona ardhi kavu na upepo mwanana wa ziwa, akatoa pesa. Naye muuzaji huuza wakati wa dhiki: mpunga haujavunwa, mtoto ana karo, mgonjwa yuko hospitali, mdai yuko mlangoni. Mmoja ananunua kwa macho, mwingine anauza kwa shida. Mapatano ya namna hiyo ndiyo yanayojaza mabaraza ya ardhi kwa kesi, na ndiyo yanayowaacha watoto wa wakulima bila mahali pa kulala. Tumeona ni wajibu wetu kuwashauri wote wawili, na kuwakumbusha viongozi sehemu yao.

ARDHI NI YA NANI?

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 1, 2001, ziligawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwa hiyo anayesema amenunua ardhi kwa kweli amenunua haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Liwe: kiwanja hiki kiko katika fungu gani?

Kama nyumba iko mjini katika kiwanja kilichopimwa, muuzaji anapaswa kuwa na hati. Mnunuzi asitosheke na kuonyeshwa karatasi. Aende kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, aone jina lililoandikwa, muda uliobaki, na kama nyumba imewekwa rehani au imezuiwa na mahakama. Aulize pia kodi ya ardhi imelipwa hadi lini. Gharama ya upekuzi ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kununua kesi.

Kama kiwanja kiko kijijini, na sehemu kubwa ya bonde ni ya vijiji, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Uhamisho wa haki ya kimila hauna budi kuidhinishwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo huangalia kama mnunuzi ni mkazi au anakusudia kuishi au kufanya kazi humo. Asiyekuwa na Cheti cha Hakimiliki ya Kimila asidhani kwamba hana haki. Sheria inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki inayotolewa kwa hati. Lakini haki isiyoandikwa hutetewa kwa midomo ya mashahidi, na mashahidi huzeeka na kufa.

Wako pia wanaodai mashamba ya babu zao yaliyogawiwa wengine wakati wa kuanzishwa kwa vijiji. Sheria ya mwaka 1999 ililimaliza jambo hilo kwa kuthibitisha migawo ya ardhi iliyofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Hata hivyo sheria haikufuta kumbukumbu za ukoo. Mnunuzi mwenye busara huwauliza wazee kabla ya kusikia habari hiyo kutoka kwa mlalamikaji.

NYUMBA INA WENYEWE WENGI

Jambo la pili ni watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi aliyepatana na mume gengeni, bila mke kuitwa, amejitafutia balaa. Vivyo hivyo nyumba ya marehemu haiuzwi na kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, warithi wakijua.

Bondeni humu watu wengi huzikwa nyumbani kwao. Mnunuzi aulize makaburi yako wapi, na mkataba useme ndugu watayafikiaje au yatahamishwa kwa utaratibu gani. Aulize pia habari ya miti. Mkakao na mchikichi ni mali inayozaa mwaka hadi mwaka. Wengine wameuziana kiwanja wakaja kugombania mavuno, kwa kuwa karatasi ilitaja nyumba tu. Idadi ya miti iandikwe.

Na mipaka ipimwe kwa mita. Desturi ya kuuziana kwa hatua, ishirini kwa ishirini au ishirini kwa thelathini, ina kasoro iliyo wazi: hatua za mtu mrefu si hatua za mtu mfupi, na anayepima akiwa muuzaji hatua hufupika. Majirani wa pande zote nne wawepo siku hiyo, na majina yao yaandikwe.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanastahili neno lao. Mwananchi wa Unguja au Pemba ni raia, na anaweza kumiliki ardhi Kyela kama raia mwingine. Lakini ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina historia yake ya ardhi tangu Mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa eka tatu tatu, na ina Sheria yake ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992. Aliyezoea taratibu za huko asidhani zinafuatwa huku. Kwa upande wao, ndugu hao wana funzo la kuwapa watu wa Matema. Wameona jinsi bei ya ardhi ya pwani ilivyopanda Nungwi na Paje hoteli zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1990. Aliyeuza mapema kwa bei ya shamba la minazi hakurudishiwa tofauti.

Raia wa nchi jirani, hata kama ni ndugu wa damu kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Anayemnunulia kwa jina lake anajiingiza katika udanganyifu, na siku wakikosana hakuna baraza litakalowasuluhisha kwa urahisi.

MAJI YANA KUMBUKUMBU

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kupita yote katika bonde hili, ni maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani ikibeba mvua na udongo, kisha hutulia katika uwanda ulio karibu sawa na ziwa. Kila mwaka mvua za Machi, Aprili na Mei hufurisha mahali fulani. Kwa hiyo ushauri wetu ni mfupi: nyumba ya Kyela itazamwe mwezi wa Aprili. Asiyeweza kusubiri atazame kuta, kwani maji yakifika huacha mstari. Atazame kisima na choo. Kama maji ya kisima yako karibu na uso wa ardhi, shimo la choo nalo litajaa, na ugonjwa utafuata. Awaulize akina mama wa jirani, maana wao ndio waliobeba watoto na vyombo maji yalipoingia.

Ziwa lenyewe halikai pamoja. Kati ya takriban mwaka 1915 na 1935 lilishuka hata Mto Shire, unaolitoa maji upande wa kusini, ukakoma kutiririka kutoka ziwani. Baadaye lilipanda, na kufikia mwaka 1980 lilikuwa katika kimo cha juu sana. Mtu mmoja katika umri wake anaweza kuona ufuko ukiwa mpana na akauona umemezwa. Anayejenga hatua chache kutoka mawimbini kwa kuwa mwaka huu pamekauka anajenga katika shamba la ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 nayo imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni apime mita hizo kabla ya kuhesabu pesa.

Mto Songwe una tabia yake. Huacha njia yake ya zamani ukachimba mpya, na kwa kuwa ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, mashamba yamejikuta upande wa pili bila mwenyewe kusogea. Kando ya mto wa namna hiyo, alama ya mpaka ya leo si ahadi ya kesho.

Historia inatuonyesha kwamba hata serikali iliwahi kuikimbia pwani hii. Wajerumani waliweka boma lao la kwanza ufukweni, wakaliita Langenburg. Karibu na mwaka 1900 walilihamishia juu milimani, mahali panapoitwa leo Tukuyu.

Tusisahau pia kwamba tuko ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko ya mfululizo yalipiga Karonga, ng'ambo tu ya mpaka, yakaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nyumba ya tofali za kuchoma isiyo na msingi imara wala mkanda wa zege juu ya madirisha isinunuliwe kwa bei ya nyumba kamili.

MWENYE NYUMBA ALIYEBANWA

Sasa tunamgeukia ndugu yetu mwenye nyumba anayetaka kuuza kwa kubanwa. Kwanza ajiulize kama shida yake ni ya msimu au ni ya kudumu. Shida ya msimu haitibiwi kwa kuuza makazi. Anaweza kupangisha vyumba viwili, kukodisha shamba la mpunga kwa msimu mmoja kwa maandishi, au kuuza kipande kilichopimwa akabakiza nyumba.

Pili, ajihadhari na mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Kuna wakopeshaji wanaomtaka mkopaji atie sahihi mkataba wa kuuza nyumba, eti kama dhamana tu. Mkataba wa kuuza ni mkataba wa kuuza. Atakaposhindwa kulipa, karatasi hiyo itasomwa kama ilivyoandikwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Aombwe aionyeshe.

Tatu, aliyeweka nyumba rehani benki na kuchelewa kulipa asijifiche. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye rehani ampe taarifa ya maandishi, na siku 60 zipite kabla haki ya kuuza haijatumika. Siku hizo si za kulia. Ni za kwenda benki kuomba malipo yapangwe upya, au kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei ya soko. Nyumba ikinadiwa, muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Ikiuzwa chini ya bei ya kawaida ya nyumba za aina hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inamchukulia kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Wadaiwa wengi hawaijui ngao hiyo.

Na asiyedaiwa aitunze nyumba yake. Mfereji uliozibuliwa kabla ya mvua na ufa uliozibwa mapema huokoa ukuta. Nyumba iliyochakaa ndiyo inayomshawishi mwenyewe kukubali bei ya kwanza.

WAJIBU WA VIONGOZI

Mwananchi hawezi kufuata sheria asiyoonyeshwa. Tunawaomba wakuu wa Wilaya na Halmashauri ya Kyela waweke nguzo zinazoonekana katika ufuko na kingo za mito kuonyesha mita 60, na alama za kimo cha mafuriko katika kila kijiji cha bondeni. Kumwambia mtu avunje baada ya kujenga ni ukali usio na faida. Kumwonyesha mpaka kabla ya kujenga ndiyo kazi ya uongozi. Kila ofisi ya kijiji iwe na daftari la uhamisho wa ardhi lililo wazi, na maombi ya kuuza yabandikwe ubaoni siku kadhaa kabla ya Halmashauri ya Kijiji kukaa, ili mke, mrithi na jirani wapate kusema.

Wananchi waelezwe pia kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, na uamuzi wa shauri hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi bado hupoteza siku na nauli kwa kutojua mlango wa kubisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bonde hili daftari liandike mambo matatu pamoja: ardhi ni ya fungu gani, nani wana haki juu yake, na maji hufika wapi. Mnunuzi asiyejibiwa yote matatu na arudi na pesa zake. Muuzaji asiyeweza kuyajibu na asubiri, kwani mpunga utavunwa na shida itapita, lakini nyumba iliyouzwa hairudi.