Mkono unaochua nao upewe leseni

Mtu aliyeshinda duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, hahitaji kuelezwa masaji ni nini. Tangu alfajiri amebeba viroba vya mawe; jioni kiuno kimekaza na mabega yanauma, anatafuta wa kumchua. Mchuaji mzoefu humlaza kifudifudi, humimina mafuta kiganjani na kuyasugua mpaka yapate moto. Huanzia kiunoni kwa vidole gumba, akapanda taratibu kando ya uti wa mgongo bila kuukandamiza wenyewe. Kazi ikiisha, malipo ni papo hapo.

Huduma hii si ngeni. Pwani kuna kusinga kwa liwa na karafuu, bara kuna kuchua, na mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto kila kona ya nchi. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya nyumbani imekuwa biashara yenye chumba, kibao na bei.

Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ina mazingira ya kuilea biashara hiyo. Mgodi wa almasi wa Mwadui umekuwapo tangu 1940, ulipoanzishwa na mjiolojia wa Kanada, John Williamson. Maganzo, mji ulio jirani yake kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, umekua na almasi hiyo. Vijiji vya pamba navyo hushika fedha msimu wa kuuza. Penye fedha za msimu na miili iliyochoka, huduma za mwili huota haraka: kinyozi, saluni, masaji.

Kwa mteja, hizo tatu ni jirani. Kwa sheria, masaji inagusa milango mingi kuliko mwenye chumba anavyodhani. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 inamtaka awe na leseni, ambayo kwa biashara za kiwango hiki hutolewa na halmashauri na hudumu miezi 12. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na bila namba ya mlipakodi hayasogei. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya mamlaka ya kukagua usafi wa jengo. Mafuta na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. Na akiandika mlangoni kwamba anatibu kiharusi au mgongo kwa njia za asili, anaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, inayotaka mganga asajiliwe na Baraza lake.

Mwaka 2025 Serikali iliongeza mlango mwingine. Agizo la Julai mwaka huo liliwazuia wasio raia kufanya biashara 15, saluni ikiwa mojawapo isipokuwa iliyo hotelini au ya kitalii. Uchimbaji mdogo wa madini nao umo. Kwa ukanda wa Shinyanga na Geita, maana yake ni kwamba duara na saluni vyote vimeachiwa mwananchi. Kazi iliyobaki ni kumwandaa aifanye kwa viwango.

Hapo ndipo halmashauri inapohitajika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaliruhusu baraza la madiwani kutunga sheria ndogo, Waziri akiridhia. Sheria ndogo inayoitaja masaji kwa jina ingemlinda kwanza mchuaji mwenyewe. Leo neno masaji linabeba tuhuma za ukahaba, na msako ukija, binti anayefanya kazi halali hubebwa pamoja na wa danguro. Danguro tayari ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu, na anayesafirisha wasichana kwenda kuwatumikisha ana sheria yake ya 2008. Mchuaji wa kweli anahitaji karatasi inayomtenga na hao.

Thailand ilipita njia hii. Sheria yake ya 2016 inataka nyumba ya masaji iwe na leseni na mchuaji asajiliwe. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza masaji ya Kithai kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kazi iliyokuwa ikinong'onwa sasa ni fahari ya taifa na ajira ya maelfu.

Kishapu inaweza kuanza na machache: taulo safi kwa kila mteja, maji na sabuni ndani ya chumba, bei ubaoni, umri wa mfanyakazi kuthibitishwa, na cheti cha mafunzo. Ada iwe ya kulipika, kwa sababu ada kubwa humrudisha mchuaji kwenye chumba cha siri. Halmashauri pia ina mkono wa kutoa: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejea 2024. Kikundi cha wachuaji kilichosajiliwa kinastahili kuiomba kama kikundi cha ushonaji.

Mchimbaji anayerudi jioni ana haki ya kujua mkono unaomgusa ni wa nani. Na mwenye mkono huo ana haki ya kubandika ukutani karatasi yenye jina lake, akaacha mlango wazi mchana kweupe.