Mlango Uliozibwa Bila Risasi
Mwezi wa Julai, 2023, nchi jirani ya Kenya ilishambuliwa pasipo risasi hata moja kufyatuliwa. Mtandao wa eCitizen, uliokuwa ukitoa wakati huo zaidi ya huduma 5,000 za Serikali, ulimiminiwa maombi ya uongo kutoka kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, hata raia wa kweli wakakosa nafasi ya kupita. Maombi ya viza yalikwama. Ikabidi wageni wapewe viza walipowasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilieleza kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Lakini adui hakuhitaji kuiba; kuziba mlango kulimtosha. Hivyo, askari alindaye daraja na mpaka hana budi kujizoeza njia nyingine ya kutimiza wajibu wake siku mitambo itakaponyamaza.